Kughani mashairi juu ya muziki wa R&B: yanayosemwa na yalivyo

"Ni mtindo wa juzi tu."
Si kweli. Kundi la washairi The Last Poets lilianza Harlem, New York, tarehe 19 Mei 1968, likighani kwa ngoma za mkono. Mwaka 1969 mwimbaji wa Marekani Isaac Hayes alitoa wimbo wa zaidi ya dakika 18, na zaidi ya dakika 8 za mwanzo anaongea tu, hajaimba hata neno. Jill Scott wa Philadelphia alikuwa mshairi wa jukwaani kabla ya albamu yake ya kwanza ya mwaka 2000.

"Shairi zuri linakaa juu ya biti yoyote."
Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia. Mshairi anaghani kwa mwendo wake, prodyuza anatafuta biti, kisha vinabandikwa. Matokeo yake sauti inakimbia, inasubiri, inakimbia tena, na msikilizaji anachoka bila kujua kilichomchosha.

Piga hesabu kwanza. R&B ya taratibu ikiwa na mapigo 70 kwa dakika, baa moja, yaani fungu la mapigo 4, inachukua kama sekunde 3.4. Mshororo wa mizani 16 ukiujaza ndani ya baa hiyo, kila robo ya pigo ina silabi yake na pumzi haina pa kupita. Upe baa mbili: ukwapi (nusu ya kwanza ya mshororo) baa ya kwanza, utao (nusu ya pili) baa ya pili. Ubeti wa mishororo minne unatimia kwenye baa 8, kama sekunde 27, na baa 8 ni kipimo ambacho wapiga R&B wamekizoea tangu zamani. Utenzi wa mizani 8 ni rahisi zaidi: mshororo mmoja, baa moja.

"Kina lazima kigonge kwenye snea."
Mkazo wa Kiswahili uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, ilhali kina ni silabi ya mwisho. Ukilazimisha kina kigonge snea, ile ngoma yenye mlio mkali kwenye pigo la pili na la nne, neno linapinda na shairi linasikika kama limetafsiriwa.

Chukua kipande hiki cha mizani 8: *nimekuja na barua*. Anza nusu pigo kabla ya baa, kila silabi robo ya pigo. "Ru" itatua juu ya snea ya pigo la pili, "a" itafuata mara moja, na hadi kipande kinachofuata utabaki na mapigo 2 matupu, yaani kama sekunde 1.7. Hapo ndipo unapovuta pumzi, na kinanda au gitaa linapata nafasi ya kukujibu. Usiyajaze mapigo hayo kwa maneno; bila majibizano hayo, R&B yenyewe haipo.

Bila shaka ukifanya hivyo kila baa, ubeti mzima utachosha. Mshororo wa tatu uchelewe kidogo, au uanze juu ya pigo la kwanza lenyewe.

"Muziki ujae, la sivyo wimbo utapwaya."
Sikiliza alivyofanya Hayes: chini ya maongezi yale kuna kodi moja (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya ogani iliyoshikiliwa, besi na tasa ya drumu. Vyombo vingine vinasubiri hadi aanze kuimba. Mshairi na mwanamuziki wa Marekani Gil Scott-Heron naye alirekodi shairi lake maarufu kwa ngoma za mkono mwaka 1970, akalirudia na bendi mwaka 1971. Katika toleo hilo la bendi, besi ya Ron Carter na ngoma za Bernard Purdie zinashikilia mwendo, filimbi ya Hubert Laws inazunguka maneno, na kila neno bado unalisikia. Kodi moja au mbili kwa baa 8 zinatosha chini ya ghani. Mabadiliko mengi ya kodi yaweke kwenye kiitikio.

"Anayeghani haimbi, kwa hiyo ufunguo wa muziki haumhusu."
Sauti ya kuongea nayo ina noti, hasa pale mshororo unapotua. Mrekodi mghani bila muziki, tafuta kwenye kinanda noti anayotulia, kisha jenga wimbo ambamo noti hiyo ni ya kwanza au ya tano ya kodi kuu. Ikiwa nusu toni pembeni, msikilizaji atahisi mghani ana huzuni isiyomo kwenye shairi, au atadhani amekosea.

"Mwangwi mrefu unaipa sauti uzito."
Unaimeza. Silabi 4 hadi 5 kwa sekunde chini ya mwangwi wa sekunde 3 zinakuwa uji. Kaa sentimita 15 hivi kutoka kwenye maikrofoni, kidogo pembeni ili "p" na "b" zisipulize. Kata masafa ya sauti yaliyo chini ya hezi 80, na mwangwi usizidi sekunde 1. Kinanda kikifunika konsonanti, usipandishe sauti ya mghani: punguza kinanda desibeli 2 au 3 kati ya hezi 1,000 na 4,000, kwa muda ule anaoongea tu. Akinyamaza, kirudi.