Mche mmoja kwenye jahazi: kibali kwanza, safari baadaye

Kila masika yakikaribia hapa Lamu tunakuta yaleyale, jahazi kutoka nchi ya nje linashusha mizigo na katikati ya magunia pana miche ya minazi ama ya ndimu, mizizi bado imeshika udongo wa kule ilikotoka, na mwenyewe anatuambia ni miwili mitatu tu ya nyumbani, si biashara. Nia ni nzuri, tunajua. Lakini ugonjwa hauulizi kama ni biashara jamani.

Utaratibu ni huu: unaomba kibali cha kuingiza mimea kwa KEPHIS, shirika la serikali la Kenya la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla mche haujatoka kule, sio ukishafika gatini, kibali ndicho kinasema masharti, unakituma kwa anayekuuzia, yeye anakipeleka kwa wakaguzi wa nchi yake, wao wakiridhika wanatoa cheti cha afya ya mimea, na hicho cheti orijino kinasafiri na mzigo. Hapa mkaguzi analinganisha karatasi zote mbili, halafu anakagua majani juu na chini, shina, mizizi, akiwa na shaka anachukua sampuli ya maabara. Karatasi moja ikikosekana mzigo unazuiwa, waweza kurudishwa ama kuchomwa, gharama zako, na waweza kushtakiwa chini ya sheria ya kulinda mimea, sura ya 324. Udongo hauingii bila idhini maalum.

Sasa hili la "mche wangu mzima, hebu tizama" tumelisikia mno. Jicho halitoshi! Ule ugonjwa wa minazi kugeuka manjano, uliomaliza minazi mingi Tanzania bara na Msumbiji, unakaa ndani ya mishipa ya mti, mwanzo huoni kitu, kisha vidaka, zile nazi changa, vinapukutika, kole changa la maua linatoka jeusi, makuti yanageuka manjano na kuanguka, mnazi unabaki umesimama kama mlingoti. Dawa ya kuuponya hakuna.

Nzi wa maembe yule wa Asia naye alionekana mara ya kwanza Afrika hapahapa pwani ya Kenya, 2003, na leo mkulima wa Malindi anapasua embe ngowe zuri kwa nje, ndani funza weupe wanarukaruka. Kwa ajili yake, 2014 ikabidi Kenya yenyewe isimamishe kupeleka maembe Ulaya.

Kama mche umeshaingia nao, usiupande wala usiutupe baharini. Ufunge kwenye mfuko usio na tundu, udongo wake humohumo, umletee mkaguzi.