Msingi wa kina kifupi: jinsi jengo jepesi la chuma linavyoshikwa chini

Msingi wa kina kifupi ni zege linalokaa karibu na uso wa ardhi na kuugawia udongo ulio chini yake uzito wa jengo. Unaweza kuwa kitako chini ya kila nguzo, mkanda chini ya ukuta, au bamba moja lenye kingo nene chini ya jengo zima. Godauni, karakana na makanisa ya mabati yenye fremu za chuma husimama karibu yote juu ya msingi wa aina hii.

Tunapozungumzia msingi tunafikiria kubeba. Sasa tupige hesabu ya banda lililo wazi pande zote huko Kisumu, ambapo kila nguzo inahudumia mita 12 za mraba za paa. Mabati na vyuma vyake tuseme kilo 15 kwa mita ya mraba, yaani kilo 180. Ongeza kilo 75 kwa mita ya mraba kwa ajili ya mafundi watakaopanda juu, jumla inafika kilo 1,080. Udongo wa mfinyanzi ulioshikana kiasi hubeba tani 7 au zaidi kwa mita ya mraba, kwa hiyo kitako cha sentimita 50 kwa 50 kinatosha kabisa.

Kisha upepo uje. Mvua za radi za jioni hutanguliwa na upepo mkali, na upepo wa mita 30 kwa sekunde unasukuma kwa takriban kilo 55 kwa kila mita ya mraba. Chini ya paa lililo wazi, nguvu ya kuinua inaweza kukaribia hiyo hiyo: kilo 660 kwa nguzo yetu. Ondoa kilo 180 za paa, zinabaki 480 zinazoing'oa nguzo. Kile kitako cha sentimita 50, chenye unene wa 40, kina uzito wa kilo 240 tu. Kitainuka. Ukiweka na akiba ya usalama, unahitaji kitako cha mita 1 kwa mita 1 kwa unene uleule: kilo 960, bila kuhesabu udongo unaoshindiliwa juu yake. Zege hapa tunalinunua kwa ajili ya uzito wake, na ndiyo maana fundi anayepunguza vitako "kwa sababu jengo ni jepesi" ananitia wasiwasi sana.

Boliti nazo zizame ndani ya zege na kufungwa kwenye vyuma vya kitako kabla ya kumwaga. Boliti fupi inayotiwa kwenye tundu lililotobolewa baadaye hung'oka huku kitako kikibaki salama ardhini.

Wepesi huleta shida nyingine kwenye uwanda wa Kano, penye udongo mweusi ambao mafundi huuita bleki kotoni. Ukinywa maji unavimba, ukikauka unapasuka. Jengo zito hupambana kidogo na uvimbe huo. Jengo jepesi huinuliwa upande mmoja, milango ikakwama na sakafu ikapasuka. Safu ya udongo huo ikiwa ya mita 1 hivi, ichimbwe yote, ujaze maramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Ikiwa nene zaidi, bamba lenye kingo nene na vyuma vya kutosha litasogea kwa pamoja, mradi maji ya paa yapelekwe mbali na miti isipandwe karibu. Safu ikizidi sana, msingi wa kina kifupi haufai tena.

Nakuru tatizo ni jingine. Majivu ya volkano yakiwa makavu hubeba vizuri, lakini yakilowa yanaweza kuporomoka ghafla, na nyufa za ardhi zimewahi kufunguka baada ya mvua kubwa. Chimba mashimo ya majaribio, uyalowanishe, na uwaulize wazee wa mtaa kama ufa umewahi kupita hapo. Umepita? Sogeza jengo, kwa sababu hakuna bamba la kawaida linaloweza kuruka ufa unaoendelea kupanuka.

Mhandisi akiusoma udongo huo kabla ya mabati kununuliwa, bado kuna nafasi ya kubadili umbali wa nguzo, na vitako hubadilika pamoja nao.