Mechi bila mashabiki: maana yake na jinsi michezo ya kulipwa ilivyorejea wakati wa korona

Mechi bila mashabiki ni mechi rasmi ya mashindano inayochezwa kwa kanuni zote za mchezo wake, ikiwa na waamuzi kamili na matokeo yanayoingia kwenye msimamo wa ligi, ila tiketi haziuzwi na umma hauruhusiwi kuingia uwanjani. Haina maana kwamba uwanja huwa mtupu kabisa. Wachezaji, benchi la ufundi, waamuzi, madaktari, wapiga picha wa televisheni, waandishi wachache na watu wa usalama wanabaki, na kila mmoja wao huwa ameorodheshwa kabla ya siku ya mchezo. Ligi kuu ya Ujerumani, kwa mfano, iliporejea Mei 2020 iliruhusu watu wapatao 300 tu kwa mechi nzima, na ikagawa eneo la uwanja katika kanda tatu: sehemu ya kuchezea na vyumba vya kubadilishia nguo, majukwaa, na eneo la nje.

Utaratibu huu haukuzaliwa na korona, kwani kabla ya hapo ulijulikana zaidi kama adhabu. Mwaka 1980, baada ya vurugu za mashabiki wa klabu ya West Ham ya London mjini Madrid, UEFA, yaani shirikisho la soka la Ulaya, iliamuru mechi ya marudiano dhidi ya Castilla, timu ya akiba ya Real Madrid, ichezwe London pasipo watazamaji. Wakati mwingine ulitumika kwa sababu za usalama, kama ilivyokuwa Aprili 2015 katika mji wa Baltimore nchini Marekani, ambako mechi ya besiboli kati ya Orioles na Chicago White Sox ilichezwa mbele ya viti vitupu kutokana na machafuko mjini humo. Kilichobadilika mwaka 2020 ni sababu. Mashabiki hawakuwa wamekosa lolote. Mkusanyiko wenyewe, yaani maelfu ya watu kubanana, kupaza sauti na kusafiri pamoja katika mabasi na treni, ndio uliokuwa hatari.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 11 Machi 2020 kwamba ugonjwa wa COVID-19 umekuwa janga la dunia, na usiku huohuo ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA, ikasimamisha msimu baada ya mchezaji wa Utah Jazz, Rudy Gobert, kupatikana na virusi. Katika siku chache zilizofuata karibu ligi zote kubwa zilisimama. Waliotangulia kurejea walikuwa Waasia: besiboli ya Taiwan ilianza Aprili, ile ya Korea Kusini tarehe 5 Mei, na soka la Korea Kusini siku tatu baadaye. Ujerumani ikafuata tarehe 16 Mei, Hispania tarehe 11 Juni, England tarehe 17 Juni na Italia tarehe 20 Juni. Ufaransa iliamua kutorejea kabisa. Msimu ulifungwa mapema na Paris Saint-Germain ikapewa ubingwa.

Kufunga milango kulikuwa sehemu ndogo tu ya kazi. Wachezaji wa michezo ya kugusana hawawezi kukaa mbalimbali wakiwa uwanjani, kwa hiyo ilibidi ijulikane kwa uhakika, kabla ya kipenga kupulizwa, kwamba anayeingia hana virusi. Ndiyo maana vipimo vya mara kwa mara vikawa msingi wa mpango mzima. Katika duru ya kwanza ya vipimo vya Ligi Kuu ya England, Mei 2020, walipimwa wachezaji na watumishi wa klabu 748, na 6 wakakutwa na maambukizi na kutengwa. Mazoezi yalianza kwa vikundi vidogo visivyogusana kabla ya timu kuruhusiwa kufanya mazoezi kamili. Kwa kuwa wachezaji walikuwa wamekaa majumbani kwa majuma mengi huku ratiba ikiwa imebanwa, chombo kinachotunga sheria za soka kiliruhusu timu kubadilisha wachezaji watano badala ya watatu, na kanuni hiyo ya muda baadaye ikawa ya kudumu.

Mechi ya Dortmund na Schalke siku ile ya 16 Mei inaonyesha vizuri hali ilivyokuwa. Uwanja wa Dortmund huchukua watu zaidi ya 81,000, na jukwaa lake la kusini pekee husimamisha takriban 25,000. Siku hiyo wachezaji wa akiba walikaa wakiwa wameachana nafasi, wamevaa barakoa, na sauti za makocha na za mpira kupigwa zilisikika wazi kwenye televisheni. Erling Haaland alipofunga bao la kwanza, wenzake walimsherehekea kwa mbali bila kumkumbatia. Dortmund walishinda 4-0, na mwisho wa mchezo wachezaji walisogea mbele ya jukwaa lile la kusini, kama ilivyo desturi yao, wakalisalimu likiwa halina mtu.

Upo mtindo wa pili ambao mara nyingi huchanganywa na huu, nao ni kambi iliyofungwa. NBA ilikusanya timu 22 katika eneo la Walt Disney World karibu na Orlando, Florida, ambako wachezaji walilala, walifanya mazoezi na kucheza mahali pamoja, kuanzia mechi za mwisho wa Julai hadi timu ya Los Angeles Lakers ilipotwaa ubingwa tarehe 11 Oktoba 2020. Mpira wa kikapu huchezwa ndani ya ukumbi, na timu zake huruka kwa ndege kutoka mji mmoja hadi mwingine karibu kila baada ya siku mbili. Kupima watu bila kuzuia safari hizo kusingetosha. Kambi ilifaulu kuzuia maambukizi, lakini gharama yake ilikuwa kubwa kwa fedha na kwa moyo, kwani wachezaji walikaa majuma kadhaa kabla familia zao hazijaruhusiwa kujiunga nao. Naona upande huu wa pili ulizungumzwa kidogo mno wakati ule, watu wakidhani kwamba mishahara mikubwa hufidia kila kitu.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini ligi zilihangaika kiasi hicho wakati watazamaji hawapo. Jibu liko kwenye haki za matangazo. Ligi kubwa huishi kwa fedha za televisheni kuliko mapato ya mlangoni, na mechi isiyochezwa haiwezi kuonyeshwa. Mtendaji mkuu wa Ligi Kuu ya England, Richard Masters, aliieleza kamati ya bunge mwaka 2020 kwamba kushindwa kumaliza msimu kungesababisha hasara ya angalau pauni bilioni 1. Kwa ligi za chini hesabu ilikuwa kinyume: zinategemea viingilio, na kufungua uwanja na kulipia vipimo bila kuuza tiketi hata moja kungezidisha hasara. Juni 2020 klabu za daraja la tatu na la nne nchini humo zilipiga kura kumaliza mechi za kawaida za msimu pale zilipofikia. Kwa hiyo, tunaposema kwamba michezo ilirejea, tukumbuke kwamba iliyorejea kwanza ni ile yenye mikataba minono ya televisheni.

Jambo lenye uzito zaidi, kwa maoni yangu, ni lile ambalo viwanja vitupu vilitufunza kuhusu mashabiki wenyewe. Tangu zamani ilijulikana kwamba timu ya nyumbani hushinda mara nyingi zaidi, lakini ilikuwa vigumu kutenganisha sababu: je, ni uchovu wa safari ya wageni, ni kuuzoea uwanja, au ni kelele za jukwaani? Mwaka 2020 kelele ziliondolewa huku safari na viwanja vikibaki vilevile, jambo ambalo hakuna mtafiti angeweza kulipanga kwa makusudi. Katika Ligi Kuu ya England msimu wa 2020/21, ambao karibu wote ulichezwa bila mashabiki, timu za ugenini zilishinda mechi 153 na za nyumbani 144, na hilo halikuwahi kutokea katika ligi ya juu ya nchi hiyo.

Tafiti kadhaa za mechi za kipindi hicho katika nchi mbalimbali za Ulaya ziligundua pia kwamba timu za ugenini zilipewa kadi chache za njano kuliko zamani. Maana yake ni kwamba umati haumtii nguvu mchezaji peke yake. Humgusa hata mwamuzi, ambaye huamua kwa sekunde moja kama kugongana fulani ni faulo, huku maelfu ya watu wakimpigia kelele kutoka upande mmoja. Hakuna sababu ya kumshuku kuwa si mwadilifu. Ni binadamu, na sikio lake hupokea ushahidi pamoja na jicho.

Watangazaji walijaribu kuziba pengo hilo kwa kuweka sauti za mashabiki zilizorekodiwa, na NBA iliweka skrini kubwa kandokando ya uwanja zikionyesha nyuso za mashabiki waliokuwa majumbani. Hayo yalimsaidia mtazamaji wa televisheni, lakini sauti za kurekodiwa hazikumfikia mwamuzi wala mchezaji kwa namna ambayo umati halisi humfikia.

Kurudi kwa mashabiki kulifanyika hatua kwa hatua. England iliruhusu watu 2,000 au 4,000 kulingana na maambukizi ya eneo mwanzoni mwa Desemba 2020, ikawazuia tena baada ya wiki chache, kisha ikaruhusu hadi 10,000 Mei 2021. Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, iliyoahirishwa kwa mwaka mzima, ilifanyika Julai na Agosti 2021 huku sehemu kubwa ya viwanja vyake vikiwa havina watazamaji. Msimu wa Ligi Kuu ya England ulioanza Agosti 2021 ulifunguliwa kwa majukwaa yaliyojaa, na ulipomalizika, timu za nyumbani zilikuwa zimeshinda tena mechi nyingi kuliko za ugenini.