Ngumi juu halafu tulia: marefa wa basketi tunavyoongeleshana bila mdomo

Watu wakishajua we ni refa wa basketi wanakufanyia ishara ileile moja, wanazungusha ngumi mbili mbele ya kifua huku wanacheka, treveli, yaani umetembea na mpira! Sawa, hiyo kila mtu anaijua. Ila hiyo ni ya meza ya makarani na mashabiki. Zile tunazoambiana sisi kwa sisi ni ndogondogo, nyingine hata aliyekaa mstari wa mbele hazioni, na nikiambiwa nichague moja tu ya kumfundisha refa mpya nitamfundisha kunyoosha mkono juu halafu asifanye kitu kingine chochote.

Ngoja nieleze. Ukipuliza tu filimbi mkono unapanda hapohapo, kiganja wazi kama ni kosa la kawaida (treveli, mpira kutoka nje), ngumi kama ni faulo. Karani wa saa akiuona anasimamisha saa, hiyo ndo kazi yake ya kwanza. Kazi ya pili ni ya mwenzako. Tukipuliza wote wawili kwa pamoja na ngumi zote ziko juu, kila mmoja anaganda, tunatazamana, halafu asiyekuwa na eneo lile anashusha mkono na kumwachia mwenzie. Ni kama sekunde moja hivi, na hiyo sekunde kwangu ilikuwa ngumu kuliko kukimbia mita 28 za uwanja usiku kucha, maana mwili mzima unataka kuonyesha kitu.

Mimi somo lilinikuta mapema. Mshambuliaji kapenya katikati, beki yuko mbele yake, wamegongana wote chini. Mimi niko chini ya kikapu nikapuliza na mwenzangu wa nyuma naye kapuliza, mimi sikusubiri, mikono kiunoni tayari, yaani kosa ni la beki, kaziba njia, nageuka namkuta mwenzangu anapiga ngumi kwenye kiganja, yaani mshambuliaji ndo kamvamia beki! Tukio moja, marefa wawili, majibu mawili. Makocha wote wamesimama na kila mmoja ana refa wa kumtolea ushahidi. Tukasogea pembeni tukakubaliana iwe ya kwake kwa sababu mbio zile zilianzia upande wake, lakini mpaka mechi inaisha kila tukipuliza tunaulizwa "hii mmekubaliana?" Na hapo tulikuwa na bahati, kwenye basketi ya sekondari Marekani mkishaonyesha hivyo wote wawili hamna kufuta, zinaandikwa faulo mbili, moja kila upande.

Mpira wa nje nao una mtego wake. Kila refa ana mistari yake ya kuangalia, sasa mpira ukitoka kwenye mstari wangu na sijaona nani kaugusa mwisho, nanyoosha kiganja juu na macho yanaenda kwa mwenzangu kabla kidole hakijaonyesha upande wowote. Tukionyesha pande tofauti na hakuna mwenye uhakika, sheria ya FIBA, shirikisho la basketi la dunia, inasema ihesabiwe kama mpira wa kugombania, dole gumba zote mbili juu, mshale wa mezani unaoonyesha zamu ni ya timu gani ndo unaamua. Sheria iko vizuri tu, ila marefa mnaonekana vituko.

Dole gumba moja ndo neno letu kubwa. Kabla sijampa mtu mpira arushe kutoka nje namtafuta mwenzangu, yeye anakagua meza, wa kubadilishwa wameshaingia, saa iko sawa, akinipa dole ndo natoa mpira. Refa anayetoa bila kusubiri dole siku moja atakuta timu moja ina wachezaji sita uwanjani.

Zipo na nyingine. Mkono unaosukumwa polepole hewani ni kuhesabu sekunde tano za mwenye mpira aliyebanwa na beki, mwenzangu akiuona anajua mimi macho yangu yako kwa huyu mwenye mpira tu, wengine tisa ni wa kwake. Mkono mmoja wenye vidole vitatu juu ni kwamba mtupo umetoka nyuma ya mstari wa mita 6.75, ukiingia unapanda na mkono wa pili. Robo ikikaribia kuisha tunaonyeshana kidole kuelekea saa, nani anaangalia taa ya ubao wa kikapu inayowaka muda ukiisha na nani anaangalia mkono wa mrushaji, kwa sababu tukiangalia wote taa hakuna atakayejua mpira ulitoka mkononi saa ngapi.

Halafu namba. Zamani jezi za FIBA zilikuwa 4 mpaka 15 na vidole vilitosha, moja, mbili na tatu tulibaki nazo za kuhesabia pointi na mitupo ya adhabu. Tangu 2014 inaruhusiwa 0, 00 na 1 mpaka 99, kwa hiyo kuanzia 16 unageuza mgongo wa mkono uwaelekee makarani kwa tarakimu ya makumi, halafu viganja wazi kwa ya mwisho. Sifuri ni duara la mkono mmoja, 00 ni mikono miwili. Timu moja ilikuwa nao wote wawili, nikampa faulo wa 00 halafu kwa haraka nikaonyesha duara moja, karani naye kaandika alichoona, akaandikwa mtu aliyekaa benchi anakunywa maji. Mimi nimeshageuka kuondoka, namwona mwenzangu kule ng'ambo kanyamaza kimya, ameweka maduara mawili usoni kama mtu aliyevaa miwani, ananitazama.