Wakili wa Makampuni Hana Haja ya Kutubu

Juzi tena, barazani Vuga, kijana aliyehitimu sheria hivi karibuni aliniambia: "Ustadhi, Bram Fischer, yule wakili wa Afrika Kusini, aliyaacha makampuni, ndipo akawa mtetezi wa haki za watu." Kauli hii nimechoka kuisikia. Mimi kazi yangu ni mikataba ya ukodishaji ardhi ya mahoteli hapa Unguja, kwa hiyo nisamehewe nikikereka.

Fischer alizaliwa Bloemfontein mwaka 1908 katika ukoo mkubwa wa Kiafrikana, yaani wa Makaburu, akasoma Oxford, akafanya uwakili Johannesburg, hayo yanatosha. Miongoni mwa wateja wake wakubwa yalikuwa makampuni ya migodi, na wakati huo huo alikuwa mkomunisti aliyewatetea wapinzani wa ubaguzi wa rangi. Hakuacha kimoja ili aanze kingine.

Tena, ile kazi ya makampuni ndiyo iliyomnoa. Katika kesi ya Rivonia, ambamo Nelson Mandela na wenzake walishtakiwa kwa hujuma dhidi ya serikali, mwezi Oktoba 1963, utetezi aliouongoza haukuanza kwa hotuba juu ya uhuru, bali kwa kuichambua hati ya mashtaka kifungu kwa kifungu na kudai maelezo: nani alitenda nini, wapi na lini, kama ambavyo sisi hatutii saini mkataba usiotaja mipaka ya kiwanja. Ikadhihirika kwamba Mandela ametwishwa vitendo vilivyofanyika yeye akiwa tayari gerezani. Jaji Quartus de Wet aliitupilia mbali hati hiyo. Serikali iliandika nyingine, na Juni 1964 Mandela na wenzake 7 wakafungwa maisha. Lakini kitanzi, ambacho wengi walikitarajia, kiliwaepuka.

Linalonitatiza mimi ni jingine. Fischer alikamatwa Septemba 1964 kwa ajili ya ukomunisti wake, akapewa dhamana na ruhusa ya kwenda London kusimamia kesi ya hataza, yaani haki ya uvumbuzi. Alisihiwa abaki huko. Akakataa, akarudi kama alivyoahidi. Januari 1965, kesi yake ikiendelea, alitoroka na kujificha, akiiachia mahakama barua ya kueleza sababu zake. Mawakili wenzake ndio walioomba afutwe kwenye orodha ya mawakili, na akafutwa. Moyo wangu uko naye, lakini kila ninapomwombea mteja dhamana najiuliza ningemweleza nini hakimu kama mteja huyo angetoroka hivyo. Fischer alikamatwa tena, akafungwa, akafa mwaka 1975 akiwa bado mfungwa, na mwaka 2003 mahakama ikamrejesha kwenye orodha. Nimeridhika kwamba alistahiki, ila swali la dhamana bado sijalipatia jawabu.