Programu ya marejeo haikagui, inapanga tu

Jamani, wanafunzi wengi hapa Kampala wanaamini ukishakuwa na Zotero au Mendeley, zile programu za kupanga marejeo, basi orodha ya vyanzo vyako iko sawa, unabonyeza tu unatuma kwa jarida. Hapana. Programu inapanga kile ilichopewa, haijui kama ni kweli. Juzi nilikuwa napitia rasimu ya mwenzangu, mtindo wa Vancouver, ule wa namba, nafika namba 7 naona "Institute UVR", nikakwama kabisa, kumbe ni Uganda Virus Research Institute! Aliliingiza kama jina la mtu, so Institute ikawa jina la ukoo na mengine yakabaki herufi za mwanzo tu. Kwenye Zotero dawa ni ndogo, fungua hiyo rekodi, sehemu ya mwandishi ibadilishe iwe ya jina moja, basi.

Ila majina yetu sisi ndo kazi zaidi. Tuseme mtu anaitwa Okello James, na Okello ndo la ukoo, likiingia kama jina la kwanza unapata "James O", na mwenye utafiti wake anapotea, inauma jamani, amehangaika miaka. Fungua DOI ya kila makala, ile namba yake ya kudumu mtandaoni, ulinganishe majina, mwaka, kurasa, moja moja, hata kama ziko 60.