Vitambaa vya kroshia: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Vile vya dukani vimefumwa na mashine."

Dhana hii ndiyo inayozaa nyingine nyingi. Hakuna mashine ya kiwandani inayofuma kroshia halisi. Zipo zinazoitwa mashine za kroshia, lakini zinachofanya ni kufuma kwa sindano nyingi kwa mpigo, na kinachotoka ni lesi inayofanana tu na kroshia. Kroshia yenyewe hutaka sindano moja yenye ndoano, inayopenya popote kwenye kishono kilichokwisha kufumwa na kuvuta uzi, mbele au nyuma. Kwa hiyo ukikuta dukani foronya ya mto au kitambaa cha meza cha kroshia ya kweli, jua kuna mtu aliyekifuma kishono kwa kishono, hata kama lebo haimtaji. Bei ikiwa ya kutupa, usiishukuru mashine: mara nyingi ni mkono uliolipwa kidogo, na jambo hilo linastahili kusemwa waziwazi.

Kutofautisha si kazi. Geuza kitambaa utafute uzi ulipoishia. Kroshia ikifumuliwa kutoka hapo huachia kishono kimoja kimoja, ikirudi ilikotoka. Lesi ya mashine mara nyingi huwa imekatwa kandokando, na nyuzi fupifupi nyingi hujitokeza pindoni. Ile ya plastiki inayouzwa kwa mita haina uzi kabisa; imemiminwa kwenye kalibu, na vishono vyake ni michoro tu.

"Cha mkono hudumu kuliko cha kiwandani."

Inategemea uzi na umaliziaji. Kitambaa cha duara mara nyingi huanza kuharibikia katikati. Wafumaji wengi huanza na kitanzi kinachokazwa kwa kuvuta ncha ya uzi. Ncha hiyo ikikatwa ikabaki sentimita 2, kufua mara chache kunatosha kuichomoa: kitanzi kinalegea, tundu linafunguka, na vishono vya mzunguko wa kwanza vinabaki vinaning'inia. Iachwe ncha ya sentimita 15, ipitishwe kwa sindano butu ndani ya vishono kuzunguka kitanzi chote, kisha irudishwe upande wa pili. Fundo peke yake halitoshi, kwa sababu uzi wa pamba unaong'aa huteleza. Kabla hujalipa, shika kitambaa pande mbili za katikati uvute polepole. Kikifunguka mkononi mwako, lesi nzuri ya poliesta itakufaa zaidi, nasi wapenzi wa kazi ya mkono tukubali hivyo.

"Kikifanya mawimbi, kinataka pasi."

Hapana. Mawimbi pembezoni ni dalili ya vishono vilivyoongezwa kupita kiasi. Kikijiinua kama bakuli, vimeongezwa vichache. Kwa kishono kirefu, yaani kile unachozungusha uzi mara moja kwenye sindano kabla ya kuchoma, duara bapa huanza na 12, na kila mzunguko huongezwa 12: 24, 36, 48. Kwa kishono kifupi, kisichozungushiwa uzi kabla ya kuchoma, huanza na 6: 12, 18, 24. Pasi italaza mawimbi kwa muda, kisha ukifua yanarudi. Kitambaa chenye hesabu sahihi hutaka kuloweshwa, kukamuliwa ndani ya taulo bila kusokotwa, na kubanwa kwa pini zisizoshika kutu mpaka kikauke.

Na kama ni uzi wa sweta wa akriliki, pasi ya moto iwe mbali. Joto huulegeza uzi, kitambaa kinatepeta na kung'aa, na hakirudi tena hali yake.

"Uzi unaong'aa ni nailoni."

Si lazima. Pamba hung'arishwa kwa kuipitisha kwenye kostiki soda ikiwa imevutwa. Ukitaka uhakika, choma kipande cha sentimita 5 juu ya sahani: pamba hunuka karatasi iliyoungua na kuacha majivu laini, akriliki na poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu.

"Ukikihifadhi na wanga hakiharibiki."

Kinyume chake. Wanga huita mende, na mikunjo iliyokauka nao hukata nyuzi. Fua wanga wote utoke kabla ya kukiweka kabatini. Siku ya kukitandika, koroga vijiko 2 vya wanga kwenye maji baridi kidogo, mimina katika nusu lita ya maji yanayochemka, kisha acha upoe ndipo uchovye.

"Bei ya mfumaji imezidi, uzi wenyewe ni rahisi."

Uzi ndio sehemu ndogo ya bei. Kitambaa cha sentimita 30, kwa uzi namba 10 na sindano ya milimita 1.5, humchukua mfumaji mzoefu takribani saa 5 hadi 8. Vitambaa 10 vya seti ya makochi ni saa 50 hadi 80. Anayepunguziwa bei mpaka ibaki ya mabonge ya uzi ameomba saa hizo bure.

Ukiagiza seti, omba kwanza kitambaa kimoja cha mfano, kifue, kikauke, ndipo ukipime, maana pamba huweza kusinyaa. Uzi wote ununuliwe siku moja, na namba ya rangi pamoja na namba ya toleo, yaani ya mkupuo uliotiwa rangi pamoja, kwenye lebo za mabonge zilingane. Toleo likitofautiana, nyeupe mbili zinazofanana dukani zitaachana zikikaa kochi moja karibu na dirisha.